Mali Bila Daftari: Reli ya Uganda na Hesabu Zake

Siku moja, katika darasa la kidato cha pili, nilikuwa nikifundisha ufahamu uliohusu safari. Tulipofika kwenye neno garimoshi, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, garimoshi ni gari la aina gani?" Wenzake hawakumcheka, kwani wao pia hawakujua. Jambo la kusikitisha ni kwamba shule yenyewe, iliyoko magharibi ya Uganda, haiko mbali na reli. Reli ipo, lakini mataruma yake yamefunikwa na nyasi, na watu hufunga mbuzi wao hapo.

Nilimjibu mwanafunzi yule kama mwalimu wa lugha anavyojibu. Nilimwambia kwamba gari ni neno tulilolipata kutoka Bara Hindi, na moshi ni wetu wenyewe. Kwamba stesheni na tikiti yametoka kwa Waingereza. Na kwamba behewa, kabla ya kupewa kazi ya kubeba abiria, lilikuwa neno la ua wa ndani au ghala ya nyumba. Lakini maelezo hayo hayakuniridhisha mimi mwenyewe. Nchi iliyokuwa na magarimoshi imefikaje mahali ambapo watoto wake hulijua garimoshi kwa kitabu tu? Katika makala haya nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuata historia ya hesabu za reli yetu.

Yafaa kwanza tulitazame neno moja: mkaguzi. Ndani ya behewa, mkaguzi ni yule apitaye akidai tikiti za abiria. Katika serikali, mkaguzi ni yule apekuaye vitabu vya fedha za umma. Neno ni moja, na kazi kwa hakika ni moja: kuhakikisha kwamba kila aliyepanda amelipa, na kila kilicholipwa kimefanya kazi yake. Historia ya reli yetu yaonyesha kwamba mkaguzi wa kwanza alikuwa hakosi safarini, ilhali yule wa pili mara nyingi alifika garimoshi likiwa limekwisha kuondoka.

Tuanze na ujenzi. Baada ya upimaji wa mwaka 1892 ulioongozwa na Macdonald, ilikisiwa kwamba reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani ingegharimu pauni 2,240,000. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuidhinisha pauni milioni 3, na kazi ikaanza Mombasa mwaka huo huo chini ya mhandisi George Whitehouse. Matatizo yalikuwa mengi: jangwa la Taru lisilo na maji, maradhi ya mifugo yaliyoua wanyama wa kukokota mizigo, simba wa Tsavo mwaka 1898, na magenge ya Bonde la Ufa ambako vifaa vilibidi kuteremshwa kwa kamba. Mwaka 1900 wasimamizi walirudi Bungeni kuomba karibu pauni milioni 2 zaidi. Reli ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, gharama ilikuwa inaelekea pauni milioni 5 na nusu, yaani zaidi ya mara mbili ya makisio ya kwanza.

Bunge lile halikunyamaza. Uingereza ilikuwa na kamati ya bunge ya hesabu za serikali tangu mwaka 1861, na sheria ya mwaka 1866 ilikuwa imeweka Mkaguzi Mkuu wa hesabu. Wabunge kama Henry Labouchere waliipinga reli hiyo waziwazi, wakauliza fedha zinakwenda wapi. Lakini tuangalie ni nani aliyeuliza, na kwa niaba ya nani. Waliuliza wabunge wa London kwa niaba ya walipa kodi wa Uingereza. Vibarua wapatao 2,500 kutoka India walikufa katika kazi hiyo, na wao hawakuwa na mbunge. Wenyeji wa Buganda, ambao kwa Mapatano ya mwaka 1900 walianza kutozwa kodi ya nyumba ya rupia 3, hawakuwa na mbunge pia. Hivyo ukaguzi ulikuwapo, lakini wale ambao reli ilipita katika maisha yao hawakuwa miongoni mwa waulizaji.

Reli iliendelea kukua. Daraja la Jinja juu ya mto Naili lilifunguliwa mwaka 1931, na magarimoshi yakaweza kufika Kampala moja kwa moja. Mwaka 1956 njia ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mwaka 1964 ikafika Pakwach. Tangu mwaka 1948 reli za nchi tatu zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Kwa abiria yalikuwa mafanikio makubwa: mkulima aliweza kupanda na matoke yake, mwanafunzi na sanduku lake, na wote wakazungumza Kiswahili njiani, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha iliyowaunganisha wafanyakazi wa reli kutoka Mombasa mpaka mwisho wa njia.

Hata hivyo, shirika la nchi tatu lahitaji daftari moja. Katikati ya miaka ya 1970 nchi zilianza kuvutana juu ya mapato na jinsi ya kuyapeleka makao makuu, Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na kila nchi ikabaki na kipande chake. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, aliitwa kugawa mali na madeni; na mapatano yalitiwa saini mwezi wa Mei 1984, ambapo Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania asilimia 32, na Uganda asilimia 26. Ilichukua miaka saba kujua nani ana nini. Wakati watu wakihesabu, mabehewa yalikuwa yakizeeka.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Behewa haliozi kwa siku moja. Kila mwaka linapotembea, sehemu ya thamani yake hupotea, na mtunza hesabu mwema hutenga fedha za kulikarabati na hatimaye kununua jingine. Fedha hizo zisipotengwa, hakuna anayeona tofauti mwaka wa kwanza, wala wa pili. Vitabu huonekana vizuri, pengine hata kuonyesha faida. Kisha breki huanza kusumbua, mataruma huoza, na dereva huamriwa kupunguza mwendo. Garimoshi likichelewa, abiria huenda kwenye basi. Abiria wakipungua, mapato hupungua, na viongozi husema kwamba watu hawalipendi tena garimoshi. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndivyo ilivyokuwa Uganda. Mwaka 1997 safari za abiria zilisimamishwa. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, lakini mwaka 2017 nchi zote mbili ziliuvunja mkataba huo kabla haujafika nusu ya muda wake. Mwezi wa Desemba 2015 abiria walikuwa wamerudishiwa garimoshi, lakini kwa safari fupi tu kati ya Kampala na Namanve. Kasese haikuwamo.

Je, hapakuwa na wakaguzi? Walikuwapo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 163, yaweka ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu, na Bunge linazo kamati za kuchunguza ripoti zake. Lakini ukaguzi kwa desturi hutazama fedha zilizokwisha kutumika. Fedha ambayo haikutengwa kwa ajili ya behewa kuukuu haina stakabadhi, na ni vigumu kumshtaki mtu kwa kutofanya jambo. Tena, jengo jipya hufunguliwa kwa ngoma na hotuba. Hakuna waziri aitwaye kukata utepe kwa sababu taruma bovu limebadilishwa.

Jambo hili si la kale tu. Mwezi wa Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, wa kujenga reli mpya ya kilometa 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kwa gharama ya yuro bilioni 2.7 hivi. Jirani zetu wa Kenya walitutangulia. Reli yao mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba utaratibu wa kutoa zabuni ulikiuka sheria. Uamuzi ulikuja wakati magarimoshi yamekwisha kutembea miaka mitatu na deni limekwisha kukopwa. Mimi siipingi reli mpya. Ninayoipinga ni tabia ya kuuliza gharama ya kujenga bila kuuliza gharama ya kutunza, na ya kuuliza hilo nalo baada ya fedha kwisha.

Walimu wenzangu, yaweza kuonekana kwamba hesabu za reli si kazi yetu. Lakini ripoti za ukaguzi huandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, bado hakijapewa kazi hiyo. Abiria wa daraja la tatu hudaiwa tikiti kwa lugha anayoielewa; bali daftari la fedha zake huandikwa kwa lugha ambayo pengine haielewi. Basi tuwafundishe wanafunzi wetu maneno makisio, matumizi, zabuni, uchakavu na ukaguzi, kama tunavyowafundisha garimoshi na stesheni. Tuwape zoezi la kuandika barua kwa mbunge wao, kwa Kiswahili sanifu, kuuliza ni kiasi gani kimetengwa mwaka huu kwa matengenezo.

Yule mwanafunzi wangu aliniuliza garimoshi ni gari la aina gani. Nikiulizwa tena nitaongeza jibu moja: ni gari la watu wote, na kwa hiyo ni lazima watu wote walikague. Mali bila daftari hupotea bila habari.