Waliokula Uwele na Waliopika Wali

Ukifika Pujini, kusini mashariki mwa mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, hukosi kuonyeshwa kisima. Hapo palikuwa na ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye masimulizi ya Pemba hayafichi ukatili wake: eti watu walimbebea mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Kisima nacho, inasemekana, kilikatwa kwa ukuta katikati ili wake zake wawili, waliokuwa hawaivi chungu kimoja, wasikutane wakiteka maji.

Hadithi ni tamu, lakini wahusika wake ni mfalme na wakeze. Wale wabeba mawe walilala wapi? Walipika nini? Walialikana vipi?

Kwa muda mrefu wataalamu nao hawakuuliza. Walifuata mawe: msikiti na makaburi kwenye magofu ya Ras Mkumbuu, kuta za Pujini. Hata hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu mwaka 1984, zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa huku huku, inatuambia nani alitawala, si nani alisonga ugali.

Mambo yalibadilika kaskazini mwa kisiwa, pale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, waakiolojia kutoka Marekani, walipoanza kuchimba mahali pasipo na ukuta hata mmoja wa kutazama. Tumbe ulikuwa mji mkubwa kati ya karne ya 7 na ya 10, nao ulijengwa wote kwa miti na udongo. Nyumba zimekwisha kuwa ardhi. Kilichobaki ni sakafu zake na takataka zake.

Na takataka hizo zina maneno. Humo vimeokotwa maelfu ya vigae vyenye mifereji myembamba. Mtu alichukua kipande cha chungu kilichovunjika, akasugulia hapo vijipande vya kombe mpaka vikawa shanga za mviringo. Kwa kuwa vigae hivyo vimetapakaa nyumba kwa nyumba, kazi ya shanga haikuwa ya fundi mmoja wala karakana ya mkubwa. Ilifanyika majumbani, pengine moto ukiwa jikoni.

Tumbe ulihamwa. Karne ya 11 ukaanza mji mwingine jirani, Chwaka, uliodumu hadi karibu mwaka 1500. Wenyeji huuita magofu ya Haruni, anayetajwa kuwa mtoto wa Mkama Ndume. Huko misikiti minne ilijengwa kwa mawe, ilhali watu wengi waliendelea kuishi katika nyumba za udongo.

Jikoni ndiko kulikogeuka zaidi. Mtafiti Sarah Walshaw alichukua udongo wa majaa ya miji yote miwili, akautia majini, punje zilizoungua zikaelea, akazitambua moja moja. Tumbe walikula uwele hasa. Mpunga ulikuwepo, lakini kidogo. Chwaka mpunga ukatawala. Mbegu ya mpunga, basi, haikuwa ngeni, na uwele hausumbui mkulima kama mpunga unavyomsumbua. Kwa nini wajitafutie taabu? Jibu la watafiti ni la kijamii: wali ulikuwa chakula cha heshima katika mji wa Kiislamu unaokua. Fleisher anaongeza ushahidi wa vyombo. Kadiri karne zilivyopita mabakuli yaliongezeka, ya kufinyangwa hapa na ya kutoka ng'ambo, na bakuli ni chombo cha kupakulia wageni. Kwa hoja yake, mwenye kutaka ukubwa alilazimika kulisha watu. Aliyewahi kuona masinia yakitoka kwenye maulidi Pemba hatashangaa.

Hoja hii inashawishi kuliko hadithi ya ukuta wa kisimani, kwa sababu imetokana na vitu ambavyo hakuna aliyekusudia kutuachia. Lakini majaa hayo yamo chini ya mashamba yanayolimwa. Jembe lako likiibua vigae vyenye rangi au mifereji, usivitupe ukingoni. Peleka taarifa yake Makumbusho ya Pemba, ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, na uonyeshe hasa mahali ulipovikuta.