Pampu ya joto la ardhini

Pampu ya joto la ardhini ni mtambo unaopasha nyumba joto wakati wa baridi kwa kuvuta joto la udongo, na kuipoza majira ya joto kwa kulirudisha humo. Isichanganywe na umeme wa jotoardhi wa Olkaria nchini Kenya, unaotegemea mvuke. Nchini Uswidi, mojawapo ya nchi zilizoipokea zaidi, huchimbwa kisima chembamba cha mita 100 hadi 200 kando ya nyumba. Bomba la plastiki hushushwa humo, likizungusha maji yenye alkoholi ili yasigande. Hupanda yakiwa na nyuzi chache tu juu ya sifuri. Ajabu yake, hizo zatosha kuchemsha kimiminika cha mtambo kiwe gesi, ambayo kompresa, kama ya friji, huikandamiza hadi ipate moto. Uniti 1 ya umeme huleta joto la uniti 3 hadi 4. Kilicho ghali ni uchimbaji.