Vepu: risasi hutafutwa kwenye mvuke, si kwenye chupa

Juzi Marikiti, nikisubiri kupimiwa iliki, mpwa wangu alitoa vepu akavuta. Wingu la harufu ya embe likatanda juu ya magunia ya bizari, na mwenye duka akakunja uso. "Mjomba, si moshi huu," kijana akajitetea. "Ni mvuke wa maji tu."

Si maji. Ni propilini glaikoli na gliserini, pamoja na nikotini na ladha. Majimaji hayo huchemshwa na koili, yaani kijiwaya cha nikeli na kromiamu, au cha chuma, kromiamu na alumini. Maungio yake mengine hulehemiwa kwa bati, na mara nyingine kwa risasi. Kikipata moto, chembe za madini hayo huingia kwenye mvuke.

Kuzipima kuna kazi. Mashine huvuta badala ya mtu. Kipimo cha CORESTA, shirika la utafiti wa tumbaku ambalo lina wanachama wengi wa biashara hiyo hiyo, ni mililita 55 kwa sekunde 3, kila baada ya sekunde 30. Mvuke hupitishwa kwenye mpira, ukapoa na kutona ndani ya kichupa. Tone hilo huunguzwa katika gesi ya agoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, kisha mashine iitwayo ICP-MS hupambanua atomi moja moja kwa uzito wake. Mizani ya Marikiti haioni hata gramu. Hii huhesabu sehemu za bilioni.

Lakini nayo hudanganyika. Kromiamu ina uzito wa 52. Agoni ni 40, kaboni ni 12: zikishikana, ni 52 vilevile, na majimaji ya vepu yamejaa kaboni. Ndiyo maana hupitishwa gesi ya heliamu njiani, kuwachuja hao wa kujifanya. Mpira na kichupa navyo hupimwa vitupu kwanza, isije ikawa madini yametoka humo.

Mwaka 2018, watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima vepu za watumiaji 56, kila mtu na yake. Kiwango cha kati cha risasi kwenye mvuke kilizidi kile cha chupa ya kujazia kwa zaidi ya mara 25. Kupima chupa peke yake, basi, ni kupima mchele ukadhani umeonja pilau.

Sisi Mombasa risasi twaijua. Wakazi wa Owino Uhuru, kule Mikindani, walidhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na Julai 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Nilimwomba mpwa wangu anisomee boksi la vepu yake. Nikotini imeandikwa, ladha imeandikwa. Koili ni ya nini, hakuna neno.