Sola juu ya karavani: kwa nini paneli moja haitoshi

Nimepotea kidogo, semina zimenibana. Kwenye kozi ya historia tumeambiwa kila mmoja achague kitu cha kawaida aeleze kilifikaje hapo kilipo. Wenzangu wamekimbilia kanga, baiskeli na redio. Mimi nikachagua paneli za sola juu ya karavani za Wamarekani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazokokotwa na pikapu kwenda kupiga kambi porini. Mwenzangu wa chumbani kanicheka, eti hayo ni makorokoro ya wenye pesa. Nikamwambia subiri.

Tarehe 25 Aprili 1954 maabara ya Bell huko New Jersey ilionyesha hadharani seli ya silikoni ya Chapin, Fuller na Pearson. Iligeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Bei ilikuwa ya kutisha, kwa hiyo aliyeimudu ni serikali. Machi 1958 seli hizo zikarushwa angani na setilaiti ya Vanguard 1.

Sasa ona mambo haya. Mwaka 1959 Wally Byam, mwenye kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 za alumini kutoka Cape Town kwenda Cairo, ukapita hadi Kenya na Ethiopia. Byam alikuwa na wazo moja kubwa, kwamba karavani ijitegemee: gesi yake, tangi lake la maji, betri yake. Yaani wale jamaa walikuwa wanasukuma magari kwenye matope ya Afrika huku sola ikiwapita juu angani, na kwenye mapaa yao hakuna hata kipande.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Elliot Berman, kwa fedha za Exxon, akashusha bei kutoka kama dola 100 kwa wati hadi 20. Ndiyo, kampuni ya mafuta! Wateja wa mwanzo wakawa watu wa maboya ya baharini na mitambo ya mafuta kwenye Ghuba ya Meksiko.

Lakini mimi nadhani kilichoipa sola kazi kwenye karavani ni sheria kuliko bei. Kwenye ardhi nyingi ya serikali kule Marekani ya magharibi unaruhusiwa kukaa siku 14, kisha uhame. Siku 14 unaweza kujikongoja na betri na jenereta. Mwaka 1983 idara inayosimamia ardhi hiyo ikatenga maeneo jangwani, kama La Posa karibu na Quartzsite, Arizona, ambako ukilipia kibali unakaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Miezi saba, na hakuna nguzo ya umeme ya kuchomeka waya. Wastaafu wanaokimbia baridi ya kaskazini na Kanada wakamiminika. Jenereta kuunguruma miezi saba? Majirani watakuchukia, na mafuta yatakufilisi. Paneli inanyamaza tu.

Basi kwa nini wanaongeza nyingine? Hapa hesabu ni tamu. Paneli ya wati 100 iliyolala bapa juu ya paa, jua la Desemba likiwa chini, ukibahatika inakupa kama wati-saa 300 kwa siku. Taa na kuchaji simu, sawa. Sasa usiku wa jangwani una baridi kali. Hita inachoma gesi, lakini feni yake inataka umeme, kama ampea 7 kwenye volti 12. Iendeshe saa 5 tu, wati-saa 420 zimekwenda. Ushapata deni kabla hujafungua kompyuta.

Na betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, utaiua mapema. Betri za lithiamu zilipoenea watu walishangilia maana unaweza kuchota karibu yote, kumbe ukichota zaidi lazima ujaze zaidi. Paa lenyewe limeshajaa kiyoyozi na matundu ya hewa, na kivuli kikiangukia kona moja tu ya paneli umeme unaporomoka. Ndiyo maana wengi huongeza paneli za kukunja, wanazitandika chini juani kwa waya mrefu na mnene, karavani yenyewe ikibaki kivulini. Ukiunga mpya na ya zamani kwa mfuatano, ile dhaifu ndiyo inayoamua mkondo wa zote.

Kwa mtalii, upungufu huo ni usumbufu tu, anafunga virago anarudi mjini. Lakini baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 wapo Wamarekani, wengi wao wazee, waliohamia kwenye magari na karavani moja kwa moja kwa sababu kodi ya nyumba iliwashinda. Jessica Bruder aliandika habari zao katika Nomadland mwaka 2017. Mwenzangu wa chumbani hapa alinyamaza. Watu hao hawana mji wa kurudi. Paneli ya pili kwao ni feni ya hita kufika alfajiri.