Maneno ya Kijerumani kuhusu sukari kwenye pakiti za vyakula

Baadhi ya akina mama na walezi wa Msasani hununua madukani, au huletewa na ndugu walioko Ulaya, uji wa watoto, biskuti na juisi zenye maandishi ya Kijerumani. Sukari kwa Kijerumani ni Zucker. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, maneno mengi ya aina hii yana vipimo vya kisheria.

Maana ya maneno

• zuckerfrei: bila sukari. Sukari haizidi gramu 0.5 katika gramu 100 au mililita 100.
• zuckerarm: sukari kidogo. Haizidi gramu 5 katika gramu 100 za chakula, au gramu 2.5 katika mililita 100 za kinywaji.
• zuckerreduziert: sukari imepunguzwa kwa angalau asilimia 30 kuliko bidhaa nyingine za aina hiyo. Inayobaki inaweza kuwa nyingi bado.
• ohne Zuckerzusatz: haikuongezwa sukari wala asali. Lakini sukari ya asili ya matunda au maziwa imo.
• gesüßt: imetiwa utamu.
• ungesüßt: haikutiwa utamu.

Maneno mawili ya mwisho yanatofautiana kwa herufi mbili tu, kwa hiyo soma polepole. Mwisho wa neno unaweza kubadilika, mfano ungesüßter au ungesüßte. Maana ni ileile.

Geuza pakiti

Usiishie kwenye maandishi ya mbele. Kwenye jedwali la nyuma tafuta davon Zucker, yaani kiasi cha sukari. Kijiko cha chai hubeba takribani gramu 4. Ukiona gramu 12 katika gramu 100, hiyo ni sawa na vijiko vitatu.

Tahadhari

Zuckerfrei haimaanishi chakula kinamfaa mtoto. Neno Süßungsmittel linaonyesha kuna vitia utamu visivyo sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe vitia utamu hivyo wala vinywaji vya sukari. Ukiona Honig, ni asali: usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Kwa mgonjwa wa kisukari, angalia pia Kohlenhydrate, yaani wanga wote, kwani nao hupandisha sukari mwilini.

Kama huelewi pakiti, nenda nayo kliniki umwonyeshe mhudumu wa afya kabla ya kumlisha mtoto.