Mtu Mmoja, Laini Tatu: Historia ya Simu Goma

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nzima, yenye watu takriban milioni 50, ilikuwa na laini za simu za mezani zipatazo 10,000 tu. Kenya, yenye watu wachache zaidi, ilikuwa nazo zaidi ya 300,000. Marekani zaidi ya milioni 180. Shirika la serikali la posta na simu lilikuwa limechakaa tangu enzi za Mobutu, na mji wa Goma, mashariki mwa nchi, uko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka mji mkuu, Kinshasa.

Ajabu ni kwamba simu ya mkononi iliwahi kufika nchini humo. Mwaka 1986, kabla ya Kenya na Tanzania, Miko Rwayitare alianzisha kampuni ya Telecel mjini Kinshasa. Kifaa kimoja kiliuzwa maelfu ya dola, basi wateja walikuwa mawaziri, majenerali na matajiri.

Raia wa kawaida wa Goma alitegemea foni, yaani redio ya mawimbi mafupi. Waya wa antena ulifungwa juu ya mti, redio ikaunganishwa na betri ya gari, na watu wakapanga foleni kuzungumza na Walikale au Kindu. Siri haikuwepo. Bei ya mchele, habari za msiba, ugomvi wa mahari, vyote vilisikiwa na foleni nzima, na yeyote mwenye redio kwenye wimbi hilohilo.

Vita vya 1998 viliuweka mji mikononi mwa waasi wa RCD, ukatengwa na Kinshasa. Mawimbi ya Rwanda yalivuka mpaka kutoka mji jirani wa Gisenyi, na wafanyabiashara wa Goma wakaanza kupiga kwa namba za Rwanda, 250. Nchi yao ilikuwa na namba yake, 243. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji; mwaka huohuo kampuni ya simu za mkononi ya Vodacom ilianza kazi nchini na sheria mpya ya mawasiliano ikatungwa. Nguzo za nyaya hazikuwa na nafasi tena.

Simu ya mkononi ikachukua nafasi ya ile ya mezani, na hapo ndipo hesabu za kulinganisha nchi kwa nchi zinapopotosha. Marekani simu ya mezani mara nyingi ilikuwa ya nyumba nzima, na tangu mwishoni mwa 2016 zaidi ya nusu ya nyumba huko zina simu za mkononi pekee. Kwetu huhesabiwa kadi za simu. Mwuza vocha wa mtaa wa Birere, Goma, chini ya mwavuli wake, anaweza kuwa na kadi ya Airtel, ya Vodacom na ya Rwanda, kwa sababu kupiga ndani ya mtandao mmoja ni nafuu na mtandao mmoja ukizimika mwingine hubaki. Kwenye takwimu za nchi hizo mbili yeye ni wateja watatu. Mama anayeazima simu ya jirani hayumo kabisa.

Tangu benki zifungwe Goma mwanzoni mwa 2025, watu wengi wamekuwa wakipokea na kutuma pesa kwa simu. Kwa hiyo ni muhimu kujua nani ana simu na nani hana: ARPTC, mamlaka ya kudhibiti mawasiliano, na watafiti watoe hesabu mbili kila mwaka: ya kadi zinazotumika, na ya watu wenye simu mkononi.