Nauli ya mwandishi

Nilipotea kidogo, nilikuwa Nyanda za Juu Kusini. Baridi ya Mbeya mnaijua wenyewe.

Nikiwa ndani ya basi, natoka Mbeya kwenda Iringa, nilikumbuka bahasha yangu ya kwanza. Niliipata Mbeya hiyo hiyo, kwenye semina ya mradi wa maji, nikiwa bado mchanga kazini. Mwishoni tulipanga foleni, tukasaini karatasi, kila mmoja akapewa bahasha ya kaki. Ndani shilingi 20,000. Kwenye karatasi fedha hiyo iliandikwa "nauli". Nauli wakati nilikuja kwa miguu! Habari yangu ilisifia mradi mwanzo mwisho. Nje ya ukumbi mama mmoja alikuwa ameniambia bomba la mtaani kwao halijatoa maji tangu lizinduliwe. Maneno yake sikuyaandika.

Kumbe nauli hiyo si yetu peke yetu. Wachina, hawa hawa waliotujengea reli ya TAZARA inayopita Mbeya, nao wana bahasha za waandishi. Wanaziita chema fei, yaani fedha ya gari na farasi. Si nauli hiyo? Wanayo na nzito zaidi, fengkou fei, fedha ya kuziba mdomo. Juni 2002 mgodi wa dhahabu ulilipuka Fanshi, mkoani Shanxi, wachimbaji zaidi ya 30 wakafa. Wenye mgodi walidai wamekufa wawili tu. Mwaka 2003 ikathibitika kuwa waandishi 11, wakiwemo wanne wa Xinhua, shirika la habari la serikali, walipokea fedha taslimu na vipande vya dhahabu ili wanyamaze.

Kwetu mambo yalianza vipi? Enzi za chama kimoja magazeti ya kila siku yalikuwa Uhuru la chama na Daily News la serikali. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, magazeti binafsi yalimiminika. Yalitaka habari za mikoani, lakini kuajiri watu huko hayakutaka sana. Ndipo makorespondenti wakawa wengi: unalipwa kwa habari iliyochapishwa, kamera yako, simu yako, nauli yako. Baraza la Habari likaanzishwa mwaka 1995, na kanuni zake za maadili zinakataza hongo. Sawa, ila kwenda Chunya hupandi basi kwa kanuni. Unapakiwa kwenye gari la mkubwa, shirika au mgombea, na mwenye gari ndiye anayechagua kijiji utakachokiona.

Wapo wanaosema tatizo ni njaa tu. Nusu nakubali. Habari ile ya maji gazeti lilinilipa chini ya nusu ya bahasha. Lakini wale wa Xinhua walikuwa na ajira serikalini, na dhahabu walichukua. Na mimi siku ile nilikuwa nimeshakula, semina ilikuwa na wali na kuku.

Tulipopita Makambako mzee wa kiti cha pembeni akaniuliza, "Kijana, unafanya kazi gani?" Nikamjibu, mwandishi wa habari.

"Ahaa, nyie watu wa bahasha!"

Akacheka. Nikatazama dirishani. Tulikuwa tunaikaribia Nyololo, wilaya ya Mufindi. Hapo ndipo tarehe 2 Septemba 2012 alipouawa Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, akiwa kazini kwenye ufunguzi wa tawi la CHADEMA. Alizungukwa na polisi, akapigwa, kisha bomu la machozi likampasua tumbo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Nilitaka kumwambia mzee habari hiyo. Nikakumbuka ya yule mama wa bomba, nikakaa kimya. Mzee alishuka Mafinga.